SOMO: Programu ya barua pepe nayo inahitaji matunzo



Kamati nyingi za parokia huomba kompyuta, na wafadhili huzitoa. Ni nadra kuona ombi la fedha za kutunza programu zilizomo. Robo hii tujifunze kwa mfano wa programu moja, OfflineIMAP, iliyoanzishwa na John Goerzen wa Marekani mwaka 2002. Huleta barua pepe zote kutoka kwenye seva hadi kwenye kompyuta, ili katibu azisome, azipange au azifute hata intaneti ikikatika. Mtandao ukirudi, mabadiliko hupelekwa kwenye seva. Hutolewa bure.

Kazi hiyo si kunakili tu. Kwenye seva kila barua katika folda ina namba yake. Programu hutunza daftari la barua ilizoziona mara ya mwisho. Barua ikiwa kwenye seva lakini haimo daftarini, ni mpya, basi inaletwa. Ikiwa imo daftarini na kwenye seva, ila haipo kwenye kompyuta, programu huelewa kwamba katibu ameifuta, na huifuta kwenye seva pia.

Hapo ndipo hatari ilipo. Daftari likipotea, barua zinaweza kuonekana mpya, na nakala zinaweza kujirudia. Hilo ni usumbufu tu. Lakini folda ya kwenye kompyuta ikipotea huku daftari likibaki, programu inaweza kudhani kila kitu kimefutwa kwa makusudi, na miaka ya barua na wafadhili ikaondoka kwenye seva. Kwa hiyo fundi akibadilisha diski, asiwashe programu kabla ya kuhakikisha folda zimerudi mahali pake. Na nakala ya akiba iwekwe pengine, kwa sababu kulinganisha barua si kuweka akiba.

Mtu atauliza: programu ikishafanya kazi vizuri, kwa nini iguswe tena? Kwa sababu vinavyoizunguka hubadilika. OfflineIMAP iliandikwa kwa lugha ya Python 2, ambayo msaada wake ulikoma tarehe 1 Januari 2020. Watu wa kujitolea wakaihamishia Python 3 kwa jina la offlineimap3. Kuhamisha huko kuna mitego. Chukua folda ya wafadhili iitwayo Köln: kwa utaratibu wa kawaida wa IMAP jina hilo huandikwa K&APY-ln, na Python 3 hutenganisha kabisa maandishi na baiti. Kosa dogo hapo, folda haisomeki. Mwaka 2022 nao Microsoft ilianza kuzima kabisa njia ya kuingia kwa jina na nywila pekee katika huduma yake ya barua pepe za ofisi. Programu nyingi zilizokuwa salama jana yake zikakataliwa mlangoni.

Mnapopata hitilafu, msiandike "barua pepe imeharibika" (sote tumewahi kuandika hivyo). Andikeni toleo la programu, aina ya seva, maneno kamili ya kosa, na mlichofanya kabla halijatokea. Ficheni nywila. Anayetengeneza kwa kujitolea, jioni baada ya kazi yake, hawezi kutibu kosa asiloweza kulirudia.

Kwa majadiliano: ni nani katika parokia yenu anayejua daftari hilo liko wapi? Na katika bajeti ijayo, je, kuna siku za fundi, au kompyuta mpya tu?