Kokaini Mwilini na Matibabu ya Mraibu

Majani ya koka, ambayo wenyeji wa milima ya Andes huko Amerika ya Kusini wameyatafuna tangu kale ili kuikabili njaa na uchovu, si kitu kimoja na kokaini, kiini ambacho mkemia wa Kijerumani Albert Niemann alikitenga mwaka 1860. Kwani kile kinachoingia mwilini taratibu kwa kutafunwa, kikivutwa kama moshi hufika ubongoni kwa sekunde chache tu.

Katika ubongo imejaaliwa kemikali iitwayo dopamini, ambayo seli huitoa mtu alapo akiwa na njaa au akutanapo na ampendaye, kisha huirejesha ndani. Kokaini huuziba mlango huo wa marejeo, dopamini ikarundikana, na mtu akapata furaha kuu ya muda mfupi. Ikimtoka hubaki dhiki na hamu ya kurudia, hata ubongo ukazoea, na chakula, watoto na ibada vikakosa ladha. Kwa hiyo wamdhulumu mraibu wale wadhanio kwamba matusi yatamzindua.

Kwa kokaini mishipa ya damu nayo hukazana, ilhali moyo waenda mbio na kuhitaji damu zaidi, hivyo hata kijana mwenye siha njema aweza kupatwa na shambulio la moyo au kiharusi. Akilalamika maumivu ya kifua, apelekwe hospitali mara moja, na tabibu aambiwe ukweli wote bila kuogopa fedheha, kwa kuwa baadhi ya dawa za moyo zaweza kumdhuru.

Jamaa wengi, wakiisha kusikia habari za methadoni itolewayo katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, tangu mwaka 2011, humwombea dawa hiyo kila mtumiaji wa unga. Methadoni ni tiba ya uraibu wa heroini na jamii yake. Kwa kokaini haifai kitu, wala haijapatikana dawa iliyoidhinishwa ya kuiondoa hamu yake. Hata hivyo msikate tamaa, kwani yako mazungumzo na mshauri mjuzi, ambayo humfundisha mgonjwa kuwatambua mapema masahaba na mahali pamwamshiapo hamu. Na iko tunzo, yaani zawadi ndogo ya hakika apewayo kila kipimo cha mkojo kionyeshapo hakutumia. Wako waonao haya kumtuza mtu kwa kuacha ovu, lakini katika majaribio ya matabibu njia hii ndiyo iliyoonyesha nguvu kupita nyingine, nami naona ni haki, maana ubongo uliopokonywa furaha sharti ufundishwe upya furaha ndogo ndogo.

Akirudia baada ya miezi ya kuacha, asifukuzwe. Arejeshwe kwa mshauri wiki hiyohiyo, na siku ya mshahara, kwa ridhaa yake, fedha zake awekewe na nduguye amwaminiye.