Dondoo muhimu: Kabla ya sindano ya taya
Kabla ya kuuliza bei, uliza ni nini hasa kinachoupanua uso wako. Kama ni msuli wa kutafunia, dawa kama Botox huulegeza ukasinyaa taratibu kwa wiki kadhaa, kisha baada ya miezi hunenepa tena. Mafuta ya chini ya kidevu yana dawa yake, asidi ya deoksikoliki, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015 kwa eneo hilo tu. Mfupa mpana haupunguzwi na yoyote kati ya hizo. Wapo wanaosema sindano si upasuaji, basi haina hatari. Lakini asidi hiyo huua seli za mafuta, nazo hazirudi. Ikidhuru neva ya taya, tabasamu huenda upande kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana mchomaji awe daktari aliyesajiliwa, na chupa ifunguliwe mbele yako.