Matandazo ya Choo cha Paka: Chaguo Dogo Lenye Uzito kwa Afya ya Kaya

Katika kihamba cha Mchagga paka si pambo. Amewekwa ili alinde mahindi na maharage dhidi ya panya, naye huzunguka atakako, kutoka ghalani hadi chini ya migomba. Anapotaka kujisaidia hahitaji kufundishwa: hutafuta udongo laini, hufukua, humaliza haja yake, kisha hufukia. Tatizo ni kwamba udongo ulio laini kuliko wote nyumbani ni tuta lililolimwa jana kwa ajili ya mchicha na mnavu. Pale alipofukia paka ndipo mkono wa mama utakapopalilia baada ya wiki chache.

Mjini Moshi hali ni tofauti kidogo. Wapo wanaofuga paka katika nyumba za kupanga zisizo na bustani, na kwao swali huja wazi zaidi: ni kitu gani kiwekwe ndani ya beseni la paka? Lakini kwa kaya ya mjini na ya mlimani jambo ni moja. Kuchagua matandazo ya choo cha paka ni kuamua kinyesi chake kitakwenda wapi, na kitakaa huko kwa muda gani.

Hatari iliyomo katika kinyesi

Miongoni mwa vimelea vinavyotoka kwa paka, kinachohitaji uangalifu mkubwa ni Toxoplasma gondii, ambacho husababisha ugonjwa wa toksoplazimosisi. Kimelea hiki kilielezwa mwaka 1908 huko Tunis, katika mnyama mdogo jamii ya panya aitwaye gundi. Ilipofika mwaka 1970 ndipo watafiti walipothibitisha kwamba ni wanyama wa jamii ya paka pekee wanaotoa vijiyai vyake, viitwavyo oosisti, katika kinyesi.

Paka huambukizwa kwa kula panya, ndege au nyama mbichi yenye kimelea. Kwa kawaida hutoa vijiyai kwa wiki 1 hadi 3 tu baada ya maambukizi ya kwanza, lakini katika muda huo mfupi huweza kutoa mamilioni. Watu wengi wenye kinga imara wakiambukizwa hawaoni dalili yoyote, au hupata homa na uvimbe wa tezi unaopita. Makundi mawili hayana bahati hiyo. La kwanza ni wajawazito wanaoambukizwa kwa mara ya kwanza wakati wa ujauzito, kwani kimelea huweza kumfikia mtoto tumboni, mimba ikaharibika, au mtoto akazaliwa na madhara ya ubongo na macho. La pili ni watu ambao kinga yao imeshuka sana, wakiwemo baadhi ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ambao kimelea kilicholala mwilini kwa miaka mingi huweza kuamka na kushambulia ubongo.

Hata hivyo paka asihukumiwe peke yake. Nyama isiyoiva vizuri na mboga zisizooshwa ni njia kubwa za maambukizi, na mjamzito hana haja ya kumfukuza paka wake. Kinachotakiwa ni kuelewa jambo moja: kijiyai kinapotoka ndani ya paka bado hakiwezi kuambukiza. Kinahitaji siku 1 hadi 5, kwa kutegemea joto na hewa, ili kikomae. Kinyesi kinachoondolewa kila siku huondoka, kwa sehemu kubwa, kabla hatari haijakomaa. Kikiachwa katika udongo wenye unyevu na kivuli, kama ule wa chini ya migomba, vijiyai huweza kudumu zaidi ya mwaka mmoja.

Sifa za matandazo yanayofaa

Kutokana na hayo, matandazo mazuri hupimwa kwa mambo matano. Kwanza, paka ayapende kuliko tuta la mboga. Akiyakataa, sifa nyingine zote ni bure. Pili, yanyonye mkojo na kupunguza harufu ya amonia. Tatu, yaruhusu kinyesi kuonekana na kuchotwa kwa urahisi. Nne, yasiwe na vumbi jingi, kwa afya ya mapafu ya paka na ya watu. Tano, yapatikane kwa bei ambayo kaya inaimudu kila wiki, kwa maana matandazo ghali humfanya mwenye nyumba achelewe kuyabadilisha.

Yanayopatikana Moshi

Mchanga mwembamba hupendwa na paka, kwa kuwa unafanana na udongo aliouzoea. Hauna gharama kubwa, lakini haunyonyi mkojo vizuri, ni mzito kubeba, na hauwezi kuteketezwa kwa moto. Udongo wa shambani haufai, kwa sababu huweza kuja na mayai ya minyoo na vimelea vingine.

Jivu la jikoni hupunguza harufu, nalo limetumiwa tangu zamani. Lakini vumbi lake huingia puani, na likilowa hugeuka kuwa magadi yanayochubua nyayo za paka. Kiasi kidogo chini ya matandazo mengine chaweza kusaidia. Beseni zima la jivu halifai.

Pumba za mpunga ni nyingi katika mashine za kukoboa upande wa Chekereni na Mabogini, kwenye eneo la mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi. Ni nyepesi na bei yake ni ndogo, ila zina ncha kali, hazinyonyi sana, na paka wengi hawazipendi.

Maganda ya kahawa hupatikana kwa urahisi katika mkoa unaolima zao hilo, lakini yasiwe chaguo. Kahawa ina kafeini, nayo ni sumu kwa paka, ambaye hulamba nyayo zake kila anapojisafisha.

Maranda, ambayo wafugaji wa kuku wanayafahamu vyema, hunyonya mkojo, ni mepesi, na yakikauka huteketea kwa moto. Yachaguliwe yale madogomadogo, kisha yachekechwe ili kuondoa vumbi. Onyo moja ni la lazima: yasichukuliwe maranda ya mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, hasa zenye rangi ya kijani, kwa sababu baadhi ya dawa hizo zina aseniki.

Udongo maalumu wa dukani una historia yake. Mwaka 1947 huko Michigan, Marekani, Edward Lowe alimpa jirani yake udongo mkavu wa kunyonya maji badala ya mchanga, na kutokana na hapo ikaanza biashara ya matandazo ya paka. Aina ya bentonaiti iliyokuja baadaye huganda inapolowa, hivyo mkojo nao huchotwa kama bonge. Paka wengi huipenda. Udhaifu wake ni bei, na kwamba hauozi wala hauungui.

Kwa kaya nyingi za Moshi, basi, maranda safi yaliyofunikwa kwa mchanga mwembamba ni chaguo la busara. Paka aliyezoea kufukua nje aanzishiwe mchanga mwingi, kisha maranda yaongezwe kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili. Kubadilisha ghafla humrudisha bustanini.

Utunzaji wa kila siku

Beseni liwe na urefu unaozidi kiwiliwili cha paka mara moja na nusu, nayo matandazo yawe na kina cha sentimita 5 au zaidi. Liwekwe mahali tulivu, mbali na jiko na chakula cha paka mwenyewe. Kinyesi kichotwe kila siku, bila kuruka hata moja. Matandazo yote yabadilishwe angalau mara moja kwa wiki, na beseni lisuguliwe kisha limwagiwe maji yanayochemka. Dawa za klorini hazitoshi kuua vijiyai hivi; joto ndilo linaloviua.

Kazi hii ifanywe na mtu mwingine asiye mjamzito na mwenye kinga nzuri. Asipokuwepo, mjamzito avae glavu, achote kila siku, na anawe mikono kwa sabuni. Choo cha ndani pia humwezesha mwenye paka kuona mapema damu, kuhara au minyoo. Paka dume anayekazana bila kutoa mkojo apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, maana mkojo uliozibwa huua haraka.

Mwisho wa uchafu

Kazi yote hupotea iwapo uchafu uliochotwa utatupwa kwenye lundo la samadi au kandokando ya mfereji. Mifereji ya Wachagga hupita kihamba baada ya kihamba, na kinachotupwa kwa jirani wa juu humfikia jirani wa chini. Hatari ya maji si ya kufikirika tu: mwaka 1995 mlipuko wa toksoplazimosisi katika eneo la Victoria, Kanada, ulihusishwa na bwawa la maji ya kunywa.

Maranda yachomwe mbali na nyumba, au yafukiwe katika shimo refu lililo mbali na mfereji, kisima na matuta ya mboga. Mjini, yafungwe vizuri katika mfuko na kupelekwa pamoja na taka nyingine. Kwa kuwa paka anayewinda hatatumia beseni kila mara, matuta yafunikwe kwa matawi hadi mboga ziote, mkulima avae glavu, mboga zioshwe kwa maji safi, na maji ya mfereji yachemshwe kabla ya kunywewa.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kuchota kinyesi kila siku ni muhimu kuliko aina ya matandazo?
2. Ni maranda ya namna gani yasiyofaa, na kwa sababu gani?
3. Katika nyumba yako, uchafu wa paka huishia wapi, na ni nani anayechota maji au kuchuma mboga chini ya mahali hapo?