Somo la Wafanyakazi: Tuilinde Kompyuta na Vumbi



Katika masomo ya utunzaji wa mitambo tumezoea kuzungumza juu ya mashine za kusaga, za kufuma na za kukausha chai. Leo tunautazama mtambo mdogo ambao wengi wetu hatuugusi kamwe, lakini unatuhusu sote: kompyuta ya mezani. Iko katika ofisi ya mishahara, ghalani, penye mizani, na katika chama chetu cha akiba na mikopo. Ndani yake mna siku tulizofanya kazi, saa za ziada, kilo za majani ya chai tulizochuma na makato yetu ya NSSF. Ikifa siku mbili kabla ya malipo, atakayelala njaa ni mfanyakazi.

Adui wake mkubwa hapa kwetu Kisugu ni vumbi.

VUMBI LATOKA WAPI?

Kisugu iko upande wa Makindye, jirani na Namuwongo na eneo la viwanda la Kampala. Barabara kubwa zina lami, lakini vichochoro vingi ni vya udongo mwekundu. Miezi ya kiangazi, yaani Desemba hadi Februari na Juni hadi Agosti, kila bodaboda na kila lori linalopita hutimua udongo ukaingia madirishani. Tuongeze majivu ya makaa, unga wa mashine za kusaga na nyuzi za nguo. Wenzetu wa mashambani wanalo vumbi la chai kavu. Mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba zikifika, unyevu hulifanya vumbi lililokwisha kuingia lishikamane kama tope lililokauka.

KWA NINI KOMPYUTA HUPATA JOTO?

Hesabu zote za kompyuta hufanywa na kipande kidogo kiitwacho prosesa. Umeme unaopita humo hugeuka kuwa joto. Juu ya prosesa pamefungwa mbavu nyembamba za alumini au shaba ili zipokee joto hilo, na feni huzipuliza. Kwa kawaida hewa ya nje huingia kwa mbele, hupita katikati ya mbavu, kisha hutoka nyuma ikiwa na joto. Dereva ataelewa mara moja: hii ni kazi ile ile ya rejeta ya lori. Rejeta ikijaa matope, injini huchemka.

Vumbi huziba nafasi kati ya mbavu, huzifunika kama blanketi, na huikwaza feni isizunguke vizuri. Prosesa za siku hizi zimetengenezwa zijilinde. Joto likikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hupunguza mwendo, na likizidi kompyuta hujizima. Vipuri vingine, kama diski inayotunza kumbukumbu, huvumilia kimya kimya, na joto la kila siku hufupisha maisha yake. Diski ikifa, orodha ya mishahara hufa nayo.

DALILI ZA KUANGALIA

1. Feni hunguruma kuliko zamani, hata kazi ikiwa ndogo.
2. Kompyuta ni nyepesi asubuhi, lakini huwa nzito mchana.
3. Hujizima huku taa za chumba zikiwaka, na hukubali kuwaka tena baada ya kupumzika. Basi kosa si la umeme wa mtaani.
4. Hewa inayotoka nyuma ni haba, lakini sanduku ni la moto.

MAKOSA YA NIA NJEMA

Tunafunika kompyuta kwa kitambaa cha kufuma ikiwa inafanya kazi. Huko ni kumvika mtu koti juani. Ifunikwe tu ikiwa imezimwa na imepoa.

Tunaifungia ndani ya kabati la mbao kwa kuogopa wezi. Kabati liwe na matundu mbele na nyuma, na nyuma ya kompyuta ibaki nafasi ya shibiri moja.

Tunaiweka sakafuni, mahali ufagio unapotimulia vumbi. Iwekwe juu ya meza au kibao, na sakafu ipigwe deki badala ya kufagiliwa kavu.

Tunaondoa ubavu wa sanduku ili ipate upepo. Kwa kufanya hivyo hewa haifuati tena njia yake, na tunawakaribisha mende na mijusi.

JINSI YA KUSAFISHA

Nje ifutwe kila wiki kwa kitambaa kikavu. Ndani pasafishwe kila baada ya miezi 3, na katika vyumba vyenye unga au nyuzi kila mwezi. Kazi hii ifanywe na mtu aliyeonyeshwa kwanza na fundi.

1. Nakili kumbukumbu zote kwenye flashi, na uiweke mbali na kompyuta.
2. Zima, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki utoke. Subiri ipoe.
3. Itoe nje ya chumba. Funika pua na mdomo, na upepo uwe mgongoni mwako.
4. Gusa chuma kitupu cha sanduku kabla ya kugusa kitu ndani. Mwili wetu hubeba umeme kidogo ambao hatuusikii, lakini waweza kuua kipuri.
5. Legeza vumbi kwa brashi laini na kavu ya rangi, kisha lipulize nje. Shikilia feni kwa kidole isizunguke.
6. Usitumie maji wala kitambaa kibichi. Usitumie pampu ya fundi wa magurudumu, kwa kuwa upepo wake ni mkali na mara nyingi una matone ya maji na mafuta.
7. Usifungue kamwe kile kisanduku cha ndani kinachopokea umeme. Hata baada ya kuchomolewa huweza kubaki na umeme wa kudhuru mtu. Hiyo ni kazi ya fundi.

WAJIBU NI WA NANI?

Mashine isiyo na mwenyewe haisafishwi. Mara nyingi karani huachiwa kompyuta bila brashi, bila mafunzo na bila muda, halafu ikiharibika hulaumiwa yeye. Hilo si haki. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe mafunzo ya kazi, na vifaa vya kujikinga bila malipo. Kwa hiyo tawi lidai mambo manne: jina la mhusika, siku yake ya kazi hiyo ndani ya saa za kazi, vifaa vyake, na daftari la kuandika kila usafishaji. Daftari hilo humlinda karani siku ya lawama.

Nasi wengine tunao wajibu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inatupa haki ya kupewa karatasi inayoonyesha mshahara na makato yake. Tuidai, tuisome, tuitunze. Kompyuta ikifa pamoja na kumbukumbu zake, karatasi hiyo ndiyo shahidi wetu.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Katika kazi yetu, kompyuta ya mishahara iko wapi, na vumbi huifikia kwa njia gani?
2. Ilisafishwa ndani lini, na nani aliandika?
3. Ikizimika leo, nakala ya kumbukumbu zetu iko wapi?
4. Ni wangapi kati yetu wanazo karatasi za mshahara za miezi 3 iliyopita?

Tawi litakaloshindwa kujibu swali la tatu lianze na hilo kesho asubuhi.