Pesa Ikirudi, Imetoka kwa Nani? Maswali na majibu kuhusu tovuti za kurudishiwa pesa

Kila Novemba, maduka ya mtandaoni yanapoanza kushusha bei, swali hili huwarudia ndugu zetu wengi wanaoishi Uingereza na Marekani: ninunue kupitia tovuti inayoahidi kunirudishia sehemu ya pesa, au ni kupoteza muda tu? Nimekusanya hapa maswali yanayojitokeza mara nyingi. Mengine yanataka maelezo marefu, mengine mistari michache inatosha.

Hakuna anayegawa pesa bure. Hizi zinatoka kwa nani?

Zinatoka kwa mwenye duka. Tovuti ya kurudishiwa pesa ni dalali. Ukipitia kiungo chake ukaingia dukani na kununua, duka humlipa kamisheni kwa kuletewa mteja, naye haili yote, anakumegea. Utaratibu huu una umri. Amazon ilianza kuwalipa kamisheni wanaoiletea wateja mwaka 1996. Miaka miwili baadaye, huko California, ikaanzishwa Ebates, ambayo iliamua kugawana kamisheni hiyo na mnunuzi mwenyewe. Kampuni ya Rakuten ya Japani iliinunua mwaka 2014 kwa takriban dola bilioni 1, na sasa inatumia jina la Rakuten. Kwa Uingereza zinazojulikana zaidi ni TopCashback na Quidco, zote zilizoanza mwaka 2005.

Kwa hiyo biashara yenyewe ni halali. Ila usisahau dalali huyu analipwa na nani. Analipwa na muuzaji, na hapati kitu mpaka wewe ununue. Barua pepe inayokuambia kwamba leo tu utarudishiwa maradufu imeandikwa ili utoe pesa mfukoni. Ukianza kufungua tovuti hizi ili kuona leo kuna nini, tayari umepoteza zaidi ya utakachorudishiwa.

Mtaalamu, kwa familia ya kawaida faida ni kiasi gani?

Kwa nguo, viatu na vyombo vya nyumbani, tarajia asilimia chache tu. Viatu vya dola 100 vinavyorudisha asilimia 4 vitakupa dola 4, na hesabu hiyo kwa kawaida hufanywa kabla ya kodi na gharama za usafirishaji. Kama duka jingine linauza viatu hivyo hivyo kwa dola 90 bila kurudisha chochote, nunua kwenye duka hilo la pili. Watu wengi huanzia kwenye asilimia na kusahau bei, na hapo ndipo wanapoumia.

Pesa ya maana, hasa Uingereza, iko kwenye mikataba: bima ya gari, intaneti ya nyumbani, laini ya simu ya mwezi. Huko mkataba mmoja unaweza kurudisha makumi ya pauni, kwa sababu kampuni inajipatia mteja atakayelipa mwaka mzima au zaidi. Lakini huko huko ndiko hesabu inakotaka umakini. Chukua bima mbili zenye kinga sawa. Moja ni pauni 420 na inaahidi kurudisha 60; nyingine ni pauni 340 na hairudishi kitu. Ya kwanza itakugharimu 360 endapo ahadi itatimizwa, na 420 unatakiwa uzilipe sasa hivi huku zile 60 zikisubiriwa kwa miezi. Ya pili ni nafuu kwa pauni 20, na huna haja ya kumfuatilia mtu.

Nilinunua koti kupitia tovuti hiyo, lakini hadi leo akaunti yangu inasoma sifuri. Nimeibiwa?

Huenda hakuna aliyekuibia. Uwezekano mkubwa ni kwamba ununuzi wako haukurekodiwa, na ukielewa sababu utaweza kuzuia jambo hilo lisijirudie.

Ukibofya kiungo cha tovuti ya kurudishiwa pesa, kivinjari chako hutunza faili dogo linaloitwa kidakuzi, ambalo ndilo linaloliambia duka ni nani aliyekuleta. Desturi ya biashara hii ni kwamba aliyebofywa mwisho ndiye anayelipwa. Tuseme umetoka kwenye tovuti yako ya marejesho ukaingia dukani, kisha kabla ya kulipa ukakumbuka kutafuta kuponi kwenye Google. Ukabofya tovuti ya kuponi, ikakurudisha dukani. Sasa kidakuzi kinachosomeka ni cha yule wa kuponi, na kamisheni ni yake. Yako imekwisha.

Kinachofanya kazi hiyo kimyakimya zaidi ni viendelezi, yaani programu ndogo zinazopachikwa kwenye kivinjari. Desemba 2024 mtengeneza video wa YouTube anayejiita MegaLag alikituhumu kiendelezi cha Honey, ambacho PayPal ilitangaza mwaka 2019 kwamba inakinunua kwa takriban dola bilioni 4. Alidai kwamba mnunuzi anapofika kwenye ukurasa wa kulipia, Honey hubadilisha alama ya aliyemleta na kuweka yake, hata pale ambapo haikumpatia kuponi yoyote. PayPal ilijibu kwamba inafuata taratibu za sekta hiyo, ikiwemo huo wa aliyebofywa mwisho. Kesi zikafunguliwa. Machi 2025 Google ikabadilisha masharti ya viendelezi vya Chrome, ikakataza kuweka viungo vya kamisheni bila kitendo cha mtumiaji na bila yeye kupata faida inayoonekana. Waliolalamika zaidi ni watengeneza video walionyang'anywa kamisheni zao, lakini mnunuzi anayesubiri marejesho anaweza kupatwa na hasara hiyo hiyo.

Basi fanya hivi. Kwanza amua unachotaka na bei yake, kisha toa vitu vyote kwenye kikapu cha duka. Zima programu za kuzuia matangazo na viendelezi vya kuponi. Fungua tovuti ya marejesho, bofya kiungo, nunua moja kwa moja bila kwenda kwingine. Kuponi tumia zile tu zilizoorodheshwa na tovuti yenyewe. Piga picha ya skrini inayoonyesha asilimia uliyoahidiwa, na tunza namba ya oda. Kwa lile koti, ingia kwenye akaunti yako utafute sehemu ya kudai malipo yaliyopotea. Karibu kila tovuti kubwa inayo, na ina muda wa mwisho wa kupokea madai, kwa hiyo usikawie.

Tovuti inanisisitiza nipakue kiendelezi chake ili nisisahau. Nipakue?

Ushauri wangu ni hapana. Ili kikukumbushe ukiwa dukani, kiendelezi lazima kijue uko ukurasa gani, na mara nyingi ruhusa kinayoomba ni ya kusoma kurasa zote unazofungua. Kukusanya historia ya watu mtandaoni ni biashara yenye faida. Februari 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliitaka Avast kulipa dola milioni 16.5 kwa kuuza taarifa za kurasa walizotembelea watumiaji wake, na sehemu ya taarifa hizo ilikusanywa kwa viendelezi ambavyo watu walivipakua wakiamini vinawalinda. Sisemi kila kiendelezi cha marejesho kinafanya hivyo. Nasema dola chache kwa mwezi ni malipo madogo mno kwa mtu kukufuata kila unakopita. Fungua tovuti mwenyewe unapoihitaji.

Mbona malipo yanachelewa hivi?

Duka linasubiri lijue kama utarudisha bidhaa. Hoteli hulipa baada ya wewe kulala na kuondoka. Kampuni ya bima husubiri uhakika kwamba hujakatisha mkataba. Baada ya hapo kuna ratiba ya tovuti yenyewe. Rakuten ya Marekani, kwa mfano, imezoea kulipa kila baada ya miezi mitatu.

Pesa yako ikishathibitishwa, itoe. Salio la huko si akiba ya benki na halina bima ya amana. Tovuti ikifilisika, utapanga foleni pamoja na wadai wengine.

Shemeji yangu ananihimiza nijiunge na mpango wa kurudishiwa pesa ambao unalipia kwanza, halafu unaleta watu chini yako. Ni kitu kimoja?

Ndugu yangu, hapo simama. Lyoness, kampuni iliyoanzia Austria, ilijitangaza kwa kadi za kurudishiwa pesa huku watu wakilipia nafasi na kuandikisha wengine. Mwaka 2018 mamlaka ya bahati nasibu ya Norway iliamua kwamba mfumo huo ni wa piramidi na ni haramu, ikaamuru usitishwe nchini humo. Sisi biashara za namna hii tunazijua kwa jina la upatu, na familia nyingi za Afrika Mashariki zimelia kwa sababu yake.

Kipimo ni hiki: uliza pesa inatoka wapi. Ikitoka kwenye kamisheni ya duka, ni dalali wa kawaida. Ikitoka kwenye ada za wanaojiunga, kuna atakayejiunga mwisho na asipate kitu, na kwa kuwa utawaalika ndugu na majirani, huyo wa mwisho atakuwa mtu unayemfahamu. Mkatalie shemeji kwa heshima, na umweleze sababu.

Niko Mombasa. Naweza kuzitumia tovuti hizi za kurudishiwa pesa?

Zimejengwa kwa maduka na njia za malipo za nchi zake, kwa hiyo ukiwa pwani yetu faida ni ndogo. Kinachofanana nazo hapa hutolewa na kampuni ya simu au benki yako moja kwa moja, kama Bonga Points za Safaricom. Angalia salio la pointi zako kabla ya kuhangaika na tovuti za ng'ambo.

Je, pesa hizi zinatozwa kodi?

Kwa Marekani, pesa unayorudishiwa kwa kitu ulichonunua huchukuliwa kuwa punguzo la bei, kwa hiyo kwa matumizi ya nyumbani haihesabiwi kuwa kipato. Bonasi ya kumleta rafiki ni jambo jingine, maana hukununua kitu. Hiyo inaweza kuhesabiwa kipato, basi iandike. Na kama una biashara na umenunua kompyuta ya dola 1,000 ukarudishiwa 30, gharama ya kuandika kwenye vitabu vyako ni dola 970.