Baba amepooza mkono

SWALI: Baba alipata kiharusi miezi miwili iliyopita. Mkono wa kulia hauinuki, maneno hayamtoki. Tumkande tu kwa maji ya moto?
Binti, Chake Chake

JIBU: Pole sana, mwanangu. Maji ya moto yaacheni: ngozi iliyokufa ganzi huungua bila yeye kuhisi. Ubongo hujifunza upya kwa kurudia kitendo, na miezi ya mwanzo ndiyo yenye kasi. Basi ashike kikombe, avae kofia mwenyewe, kila siku, hata akichelewa. Msimvute kwa mkono huo; bega huteguka. Ale ameketi wima; akipaliwa, mwoneni daktari upesi. Dawa za presha, kama amepewa, asiache. Hospitalini Chake ulizieni mazoezi ya viungo. Nawe pokezana zamu na nduguzo, ulale.