Msimvue Baba Barakoa

Haya wadogo zangu, leo tuongee ya wodini. Mmoja wenu kaniandikia: baba yake ana nimonia iliyoletwa na UVIKO, kavalishwa barakoa ya oksijeni, na shangazi kashikilia kwamba "akishawekewa mtungi harudi huyo", bora arudishwe nyumbani. Mdogo wangu, kwa heshima zote za shangazi, hapana. Mtu anafikishwa hospitali midomo imeshageuka rangi, halafu lawama unabebeshwa mtungi!

Virusi vikishambulia mapafu, vifuko vidogo vya hewa hujaa majimaji na damu ikakosa oksijeni. Wengine hutosheka na mirija ya puani, lita chache kwa dakika. Mgonjwa akizidiwa huvalishwa barakoa yenye mfuko, lita 10 hadi 15. Juu ya hapo kuna CPAP, mashine inayosukuma hewa kwa nguvu ili vile vifuko visisinyae, bila kumpitishia mgonjwa bomba kooni. Huko Uingereza, kwenye utafiti wa RECOVERY-RS wa mwaka 2020 na 2021, waliofariki au kuishia kuwekewa bomba walikuwa kama 36 katika kila 100 waliotumia CPAP, na 44 katika kila 100 waliopewa oksijeni ya kawaida. Si muujiza, lakini hao wanane ni baba za watu.

Sasa tatizo ni sisi ndugu. Barakoa ya CPAP inabana kwelikweli, inaacha alama juu ya pua, mdomo unakauka, na mgonjwa anakuangalia kwa macho ya kuomba. Huruma inakushika, unaifungua umnyweshe uji. Papo hapo ile nguvu ya hewa imepotea, na namba za oksijeni kwenye kile kipimo cha kidoleni zinaanza kushuka. Muite nesi kwanza, yeye ndiye anayejua kama baba anaweza kula na kwa muda gani. Muulizeni pia daktari kama anaruhusiwa kulala kifudifudi. Wapo wanaopumua vizuri zaidi hivyo. Koki ya mtungi msiiguse. Na ubani, tafadhali, uacheni nyumbani: penye oksijeni moto hushika haraka mno.

Ipo siku daktari atasema barakoa imeshindwa, sasa ni bomba na mashine ya kupumulia. Hapo kikao cha ukoo cha siku mbili kitamgharimu mgonjwa. Kaeni leo, shangazi akiwemo, mkubaliane nani atasaini ridhaa ya bomba.